Ruhusa ya Kazija: Posa ya Pili

Wiki iliyopita tulimwacha Hisham kwenye ngazi za ofisi ya wakala pale Darajani, mguu mmoja juu, mmoja chini, baada ya kuambiwa kwamba mambo yake yote ya safari yako sawa isipokuwa moja. Wasomaji wengi mlinipigia simu kutaka kujua ni lipi. Mmoja alibahatisha kwamba ana mke mwengine Pemba. Hapana. Hisham hana mke mwengine, na huyu mmoja aliyenaye anatosha kumtoa jasho leo.

"Jambo lenyewe," alisema Nadir, wakala, akiwa bado ameushika mlango, "ni ruhusa ya mkeo."

Hisham akarudi ndani akakaa.

Kwa mnaoanza kusoma leo, nikupeni habari kwa ufupi. Kazija, mke wa Hisham, ni mkunga, na amepata kazi katika hospitali moja ya Ghuba. Nchi yenyewe siitaji, kwa sababu shemeji yangu bado anasubiri viza ya huko. Hisham ni fundi wa mafriji na AC. Karakana yake ya Mwanakwerekwe imefungwa tangu mwenye jengo alipoamua kulivunja, na tangu siku hiyo Hisham yuko nyumbani. Yeye ndiye aliyeliona tangazo la wakunga. Yeye ndiye aliyejaza maombi ya mkewe kwa simu yake. Kisha akajitafutia na yeye kampuni ya AC huko huko, ikamkubali. Kilichobaki kilikuwa kupanda ndege.

"Ruhusa ya mke wangu ya nini?" aliuliza.

"Ya wewe kufanya kazi."

Hisham akacheka. Alicheka peke yake, maana Nadir huwa hacheki saa za kazi.

"Nisikilize, Sheikh. Kule huendi kwa jina lako. Unakwenda kwa jina la mkeo. Yeye ndiye mwenye kazi, yeye ndiye mdhamini, wewe ni mtegemezi wake. Mtegemezi akitaka kufanya kazi, mdhamini aridhie kwanza. Mkeo ataingia kwenye simu yake, pana pahala pa kubonyeza. Akibonyeza, kampuni inapelekewa ruhusa. Asipobonyeza, ukikutwa kule na bisibisi mkononi unarudishwa Unguja."

"Sheria hiyo wameandikiwa wanawake."

"Kaandikiwa mtegemezi. Mara nyingi huwa mwanamke. Safari hii ni wewe."

Hisham akatazama ukutani. Palikuwa na picha ya ndege na picha ya Kaaba, na zote mbili hazikumsaidia.

"Na nkenda bila ya hiyo ruhusa?"

"Utakaa nyumbani na mtoto. Nyumba zao zina AC nzuri."

"Kampuni inasubiri mpaka lini?"

"Alkhamisi, alasiri. Ikipita hapo wanamchukua mwengine, wako tele. Lakini usijali. Mwambie tu mkeo. Jambo la dakika moja."

Na kweli, ndugu msomaji, lilikuwa jambo la dakika moja. Kazija alikuwa kwao Kajengwa, Makunduchi, amekwenda na mtoto kuwaona wazee wake. Hisham angempigia simu akamwambia, mke wangu, nnaomba ubonyeze pahala fulani, na mimi leo ningekosa cha kuandika. Badala yake alikwenda kumwambia mama yake.

*

Bi Bahiya anakaa Kiponda, na Hisham na mkewe wanakaa humo humo kwake. Babu yake alikuwa na mikarafuu ambayo hakupata hata siku moja kuimaliza kwa kuitembelea. Kilichobaki katika utajiri ule ni nusu ya nyumba na namna ya kukaa kitini.

Alimsikiliza mwanawe huku akichambua mchele.

"Nani kasema?"

"Nadir."

"Nadir mtoto wa nani?"

"Mama, ni sheria ya nchi, si ya Nadir."

"Nchi ya Kiislamu hiyo?"

"Ya Kiislamu."

Bi Bahiya akatoa jiwe kwenye mchele, akaliweka kando, akalitazama kidogo.

"Basi abonyeze."

"Ndiyo nlitaka nimpigie simu nimwombe."

"Umwombe wewe?"

"Nani mwengine?"

"Mwanamme hamwombi mkewe ruhusa, Hisham. Leo utamwomba ruhusa ya kazi, kesho utamwomba ruhusa ya kwenda msikitini. Wewe una watu. Mtu mwenye watu wake huombewa."

Akaitwa Ami Hamoud, mdogo wake marehemu baba yake Hisham. Huyu hana kazi maalumu, lakini mjini hapa hakuna posa ya maana inayokwenda bila yeye. Ana sauti, ana ndevu, ana aya na hadithi za kila namna ya ukwe. Hajapata kurudi na jibu baya ila mara moja tu, na binti mwenyewe baadaye alihamia Mombasa kwa haya.

Ami Hamoud alielezwa mkasa wote na hakucheka hata kidogo.

"Hii ni posa," alisema. "Kuna kinachoombwa, kuna mwenye idhini, na kuna baba yake. Sioni tofauti."

"Tofauti yake ni kwamba nshamuoa," alisema Hisham.

"Hilo linatusaidia. Watu watakuwa wametuzoea."

"Ami, hivi si rahisi zaidi mimi mwenyewe nkampigia..."

"Kanzu yako nshaipiga pasi," alisema Bi Bahiya.

Na hapo mazungumzo yakaisha. Ikaagizwa halua, likatolewa sinia la shaba ambalo hutoka kabatini kwa ndoa na maulidi tu, na Jumatano asubuhi gari ya Ami Hamoud ikashika njia ya Makunduchi. Hisham alikaa nyuma, amevaa kanzu na joho, amelipakata sinia. Hakuna aliyemuuliza anajisikiaje. Kama angeulizwa angesema anajisikia mjinga, lakini afadhali mjinga mwenye kazi.

*

Mzee Mwalim, baba yake Kazija, alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba wageni wanakuja kwa jambo la kheri. Alipowaona wanashuka na sinia, na mkwewe kavaa joho, moyo wake ukaingia baridi. Jambo la kheri lenye sinia na joho ni moja tu. Na Mzee Mwalim hakuwa na binti mwengine wa kuoza, lakini alikuwa na mpwa wake anayekaa pale nyumbani, msichana mzuri.

"Ingia ndani," akamwambia yule msichana. "Na usitoke."

Kisha akawakaribisha wageni wake kwa uso wa mtu anayefikiria panga lake kaliweka wapi.

Wanaume wakakaa barazani kwenye mkeka. Bi Bahiya akapita ndani kwa wanawake, alikokuwako Kazija na mama yake, Bi Ummkulthum, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka pwani kwenye mwani wake. Mara ya kwanza Bi Bahiya alipokuja nyumba hii, wakati wa kumposa Kazija, alibaki garini kwa muda akisema ile harufu ya mwani inamuumiza kichwa. Safari hii alishuka mara moja na hakutaja kichwa.

Ami Hamoud akajikohoza.

"Mzee Mwalim, sisi tumekuja kutaka ujamaa."

"Ujamaa tunao. Huyo anaekuvuta ndevu ni mjukuu wetu sote."

Ilikuwa kweli. Nassra, binti wa Hisham na Kazija, alikuwa ameshapanda mapajani. Ami Hamoud akazitoa ndevu zake mkononi mwa mtoto, moja moja, akaanza tena.

"Basi tuseme tumekuja kuomba idhini."

"Ya kumuoa nani?"

"Si ya kuoa. Ya kufanya kazi."

"Nani anataka kufanya kazi?"

"Hisham."

Mzee Mwalim akamtazama Hisham. Uso ukaanza kumlegea.

"Kwani nani kamkataza?"

Ami Hamoud akaeleza. Alieleza kwa urefu, na hadithi mbili za Mtume, na habari ya safari yake mwenyewe ya Maskati ambayo haikuhusu. Mzee Mwalim alisikiliza vizuri mpaka walipofika pahala fulani.

"Hapo rejea."

"Kwa sheria ya kule, Hisham anakuwa mtegemezi wa Kazija."

"Mara moja tena, Sheikh. Sikio hili halisikii vizuri."

"Mtegemezi wa Kazija."

"Ahsante."

Nyuma ya pazia Bi Ummkulthum alishikwa na kikohozi ambacho kilichukua muda kupoa.

"Haya," alisema Mzee Mwalim, na sasa alikuwa amekaa vizuri, mgongo ukutani. "Tufate taratibu. Mlipokuja mara ya kwanza mliniuliza masuali, nkayajibu. Leo niulize mimi."

"Ni haki yako."

"Kijana anafanya kazi gani?"

"Hana kazi. Ndilo lililotuleta."

"Anasali?"

"Anasali."

"Sigara?"

"Kaacha," alisema Ami Hamoud. Hisham akaanza kuukagua mkeka.

"Mlipokuja kwa Kazija mliniuliza kama anajua kupika biriani. Mimi leo siulizi biriani. Lakini mke wake atakuwa kwenye zamu za usiku, nchi ya watu, hakuna mama wala shangazi. Kijana anajua kupika nini?"

Ami Hamoud, ambaye ana jibu la kila swali la posa, safari hii alizikuna ndevu zake. Akamgeukia Hisham.

"Mayai," alisema Hisham.

"Ya vipi?"

"Ya kuchemsha."

Mzee Mwalim akatikisa kichwa polepole.

"Mtoto akijichafua, anamkosha?"

"Asipolia."

"Nshasikia. Basi nipeni wiki mbili niulizane na jamaa, tutakuleteeni jawabu."

"Mzee Mwalim," alisema Ami Hamoud, "kampuni inataka jawabu kesho alasiri."

"Kampuni si jamaa."

"Si jamaa, lakini ikipita kesho kijana anakosa kazi."

Hapo mzee akaitengeneza kofia yake. Alikuwa amefurahi vya kutosha kwa siku moja, na yeye si mtu mbaya. Alimtazama mkwewe aliyekaa na joho lake kwenye joto lile, akaona shingo imekonda tangu Sikukuu. Akaona kwamba mchezo ni mchezo, lakini kijana anahitaji kazi kweli.

"Ngojeni nikamuulize mwenyewe."

Akainuka, akaingia ndani.

Kazija alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini. Bi Bahiya alikuwa mbele yake, amekaa kama anavyokaa. Pazia lilikuwa jembamba, na kila neno la barazani lilikuwa limeingia.

"Kazija, mwanangu," alisema baba yake. "Wamekuja watu wa mumeo. Wanakuomba uridhie Hisham afanye kazi huko mnakokwenda. Unasemaje?"

Kazija akamtazama baba yake. Akamtazama mama mkwe wake. Akatazama pazia.

Hakusema neno.

"Unasemaje?" aliuliza tena mzee, taratibu.

Kimya vile vile.

Mzee Mwalim akarudi barazani.

"Kanyamaza," alisema.

"Alhamdulillahi," alisema Ami Hamoud, na kabla mtu hajavuta pumzi mikono yake ilikuwa juu na Fatiha imeshafika katikati. Mzee Mwalim alikuwa na neno la kuongeza. Lakini nani atamkatiza mtu kwenye Fatiha? Akanyanyua mikono na yeye. Ndani, Bi Bahiya akapiga kigelegele kimoja kirefu.

Halua ikakatwa. Hisham alikula vipande viwili, kisha cha tatu. Wakati wa kuaga, Kazija alitoka mpaka mlangoni.

"Unarudi lini?" Hisham alimuuliza.

"Kesho, kabla ya adhuhuri."

"Haya. Ahsante, Mama Nassra."

"Ya nini?"

Hisham akatabasamu. Alifikiri anataniwa.

*

Jioni ile ile Kiponda nzima ilijua. Bi Bahiya alimwita jirani yake wa nyumba ya pili, Bi Shemsa, wakazungumza dirisha kwa dirisha, na alilieleza jambo lenyewe kwa namna ambayo Bi Shemsa alimaliza akiamini kwamba ni Kazija aliyeomba kitu na akina Hisham wamemkubalia.

Alkhamisi asubuhi simu ikalia.

"Hakuna kilichoingia," alisema Nadir.

"Haiwezekani. Kakubali jana mbele ya watu. Fatiha imesomwa."

"Mtambo haujui Fatiha, Sheikh. Unataka abonyeze."

Hisham akakaa kwenye ngazi. Akampigia Ami Hamoud.

"Ami, mtu akinyamaza si ndiyo keshakubali?"

"Mwari ndiyo. Mwari huona haya, kwa hivyo kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake. Hilo liko wazi vitabuni."

"Na kama si mwari?"

"Aliyekwisha kuolewa lazima atamke kwa mdomo wake. Huyo kimya chake si kitu. Hilo nalo liko wazi."

"Ami, Kazija keshaolewa."

Hisham aliweza kusikia feni ya Ami Hamoud ikizunguka.

"Kaolewa na nani?" aliuliza Ami Hamoud.

"Na mimi."

"Aa." Feni ikazunguka tena. "Nlighafilika, mwanangu. Ni mazoea. Mie nkishaliona sinia, akili yangu yote iko kwa mwari."

"Sasa tufanyeje?"

"Ile Fatiha itawafikia maiti wetu, haikupotea. Wewe nenda kamuulize mwenyewe."

*

Kazija alikuwa amerudi. Nassra amelala chumbani chini, na mama yake yuko juu ya nyumba, penye kamba za nguo, akianika sare zake za kazi. Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa. Hisham alipanda ngazi zote zile akitunga maneno, na alipofika juu yalikuwa yamemwisha.

"Mama Nassra."

"Naam."

"Jana ulinyamaza."

"Nlinyamaza."

"Hukuwa unakubali?"

"Nlikuwa nnakusubiri wewe useme."

"Ami Hamoud alisema."

"Nlimsikia. Anasema vizuri sana. Na baba kasema, na mama yako kapiga kigelegele. Wewe nlikusikia ukisema mayai."

Hisham alitaka kucheka. Akauona uso wa mkewe, akaacha.

Kazija akabana kibanio, akachukua sare nyengine.

"Ntakwambia kitu, na usinikatize. Nassra alipokuwa ananyonya, nlikuomba nirudi kazini. Nlikuja mwenyewe, nkasema mwenyewe, na mtoto yuko kifuani. Sikumleta baba yangu mjini. Ukanambia utamuuliza mama. Ukamuuliza mama, mama akamuuliza Ami Hamoud, Ami Hamoud akasema atafikiri. Na mie nkakaa kwenye chumba kile nkisubiri watu wasiojua hata wodi yangu iko wapi. Mtoto akatambaa, akasimama, akatembea. Nliumia, Hisham. Kila asubuhi nkikupikia chai nlikuwa nnaumia."

Ilikuwa siku nyingi hajamwita kwa jina lake.

Hisham aliikumbuka ile miezi. Ukweli ni kwamba aliikumbuka kuwa ni miezi mizuri. Nyumba ilikuwa kimya, chai ilikuwa tayari, na yeye alikuwa akitoka kwenda karakana anapiga mluzi. Hakuna siku aliyofikiri kwamba mwenzake yuko ndani anangoja. Aliona haya mpaka masikio yakamwasha, na hakujaribu kujitetea, jambo ambalo mimi binafsi sikulitarajia kwake.

"Nnaomba radhi," alisema.

Kazija akaitundika ile sare kwenye kamba.

"Na nnaomba ruhusa yako nfanye kazi." Sauti ilimtetemeka kidogo, akaiacha itetemeke. "Nmechoka kukaa, Kazija. Mkishatoka asubuhi nabaki na mama, ananiuliza mchana ntakula nini. Nshayafungua mafriji ya mtaa mzima, mazima yote, nayasafisha tu nipate cha kushika mkononi. Nikiulizwa nafanya kazi gani natazama chini. Sasa nnakuomba wewe. Simwombi mtu mwengine."

Upepo ulizitikisa zile sare. Kazija alimtazama mumewe kwa muda, na nakwambieni, wasomaji wangu, alikuwa akimpenda. Hilo lilionekana, na ndilo lililofanya yanayofuata yawe mazito.

Akajifuta mikono. Akatoa simu mfukoni, akafungua, akasoma mpaka chini, maana yeye husoma. Akabonyeza. Akasubiri mtandao. Akabonyeza tena.

Simu ya Hisham ikalia mfukoni mwake.

"Imeingia," alisema Nadir. "Kampuni imeshaipokea. Hongera, Sheikh."

Hisham hakuwahi kuitikia, kwa sababu kutoka chini kikaja kigelegele. Bi Bahiya hakuwa mtu wa kungoja habari za mkono wa pili. Alikuwa amemwamrisha Nadir amjulishe na yeye, na Nadir anazijua nyumba za kuogopa. Bi Shemsa akaitikia kutoka dirishani kwake, ingawa hakujua anaitikia nini.

"Ahsante, mke wangu," alisema Hisham. Macho yalikuwa yamemjaa maji na wala hakuyaficha. "Wallahi ahsante. Basi leo leo tuanze mizigo. Ntampigia Nadir atutazamie ndege ya..."

"Hisham."

"Naam."

"Umeniomba ruhusa, nimekupa. Sikutaka uikose kwa sababu ya hasira zangu za zamani. Hilo lako limekwisha."

"Na lako?"

"Langu ni kwamba mie sitaki kwenda."

Hisham akatabasamu, akangoja aambiwe kwamba ni mzaha. Kazija akainama akachukua kibanio.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipojaza yale maombi. Ulinijia na simu ukanambia weka kidole hapa, soma hapa. Ukafurahi, mama akafurahi, nkasema kimoyomoyo ntazoea. Jana baba alisimama mbele yangu akaniuliza juu yako. Mama yako akanikodolea macho juu yako. Mie nkakaa pale kwenye kigoda nkafikiri, huyu anaombewa kazi, na mie naambiwa niondoke, na hakuna hata mmoja alieniuliza kama nnataka. Nnayo wodi yangu hapa. Wanawake wa Makunduchi wanakuja mpaka mjini wanauliza Kazija yuko zamu gani. Nimeipigania kazi hii mwaka mzima ndani ya nyumba hii hii, na sasa niiache kwa sababu karakana yako imevunjwa?"

"Lakini mshahara wa kule, Kazija. Na mtoto..."

"Nnajua."

"Usipokwenda wewe, hii ruhusa haina pa kutumika. Mimi kule siwezi kuingia."

"Nnajua, Hisham. Nliisoma mpaka chini."

Hisham akaikamata kamba ya nguo. Dakika ile ile alikuwa mtu aliyepata kazi na mtu aliyeikosa, na simu mfukoni ilikuwa bado inalia kwa pongezi. Alitaka kukasirika. Alitafuta ndani yake pa kuanzia na hakupaona, kwa sababu kila neno alilosema mkewe lilikuwa kweli, na kwa sababu vile vile alikuwa bado anaitaka ile kazi, anaitaka sana.

"Hukuweza kunambia mapema?"

"Na wewe hukuweza kuniuliza?"

Ngazi zikaanza kulia. Mtu alikuwa akipanda, polepole, akipumzika kila baada ya hatua chache, na kila akipumzika anapiga kigelegele kifupi. Bi Bahiya hajapanda juu ya nyumba hii tangu goti lilipoanza kumsumbua.

"Kazija," iliita sauti yake kutoka kwenye giza la ngazi. "Kazija, mwanangu. Ngoja nije nkubusu."

Hisham na Kazija wakatazamana. Tangu siku ya harusi yao mpaka Alkhamisi ile, Bi Bahiya alikuwa akimwita mkwewe kwa jina tupu. Hajapata hata siku moja kumwita mwanangu.

Kazija akageuza uso upande wa sare zake. Midomo ilikuwa ikimcheza, na si kwa kicheko.

"Nani atamwambia?" alinong'ona Hisham.

"Wewe," alisema Kazija. "Ami Hamoud hayupo."

Mlango wa juu ukasukumwa, na Bi Bahiya akatokeza juani, anahema, mikono ameifungua.